Gemu la Lugalo, wiki ya 14: nimefuta ramani

Ramani ya vita vya Lugalo, Iringa, kwenye gemu ninalotengeneza, niliyoihangaikia miezi miwili, nimeifuta juzi usiku. Yote.

Chanzo ni safari ya Jumamosi. Nilipanda gari la Ilula pale Ipogolo na rafiki yangu, tukashuka kwenye mnara wa Wajerumani waliouawa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Agosti niliichagua makusudi, nizikute nyasi zilivyokuwa siku ile: ndefu, kavu, rangi ya mchanga.

Kwenye ramani yangu palikuwa uwanja mweupe, Wahehe huku, Wajerumani kule, watu wanachapana dakika 40 kama mechi ya ndondo. Basi nikalala kwenye nyasi, nikamwambia mwenzangu apite akinitafuta. Alipita hatua kama 15 kutoka nilipo. Hakuniona, na alijua nipo!

Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo, hakujua. Alikuwa na mamia ya askari na wapagazi kwenye mstari mmoja mrefu, na mizinga imefungwa juu ya punda. Mzinga ulio mgongoni mwa punda ni mzigo kama gunia la mahindi. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walipoinuka, kazi iliisha kwa dakika chache, na Nyundo akafia palepale.

Kwa hiyo sasa mchezaji hapigani, anasubiri. Analala na mkuki wake, msafara unapita mbele yake, na akijigeuza tu nyasi zinalia. Nilimpa mdogo wangu ajaribu. Aliinuka mapema, kikosi kizima kikaonekana. "Kaka, hili gemu linachosha." Mara ya tano viganja vilikuwa vimemlowa jasho, na chai aliyoletewa ikapoa.

Sauti za nyasi nilirekodi dakika 25. Toa malori ya Tunduma, zimebaki sekunde 50 za maana.

Jumapili Kalenga. Ngome ya Mkwawa iliangushwa na Wajerumani wa Gavana von Schele tarehe 30 Oktoba 1894, kwa mizinga, safari hii ikiwa imeshushwa kwenye punda. Nilikuwa napima kwa hatua mahali ulipopita ukuta, akatokea mzee mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unapima shamba?"

"Ngome, babu."

"Basi umeipa mgongo." Akanigeuza kwa bega nitazame Tosamaganga, ambako wenyeji husimulia kuwa mizinga ilipigwa kutokea huko. Nilikuwa nimeweka mizinga upande wa pili kabisa.

Makumbusho pia niliingia. Fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, lipo mle. Kwenye gemu sitaliweka, hata kwa picha. Rafiki yangu anasema lingevuta watu. Tumebishana mpaka Ipogolo.

Kazi ya wiki hii ni punda. Wangu anatembea kama mbuzi, na mzinga unamning'inia tumboni.