Beseni

Jana jioni binti yangu kaligeuza beseni la kufulia, kakaa chini miguu kaitanua, anapiga huku anaimba nyimbo zao za chekechea, mi nilikuwa nakuna nazi, mkono ukasimama wenyewe. Mama yake kauliza mbona humkatazi na kelele zote hizo. Sikuwa na jibu la karibu.

Nilikuwa nasoma Chengdu, China, 2013, mwaka wangu wa pili. Mwalimu alitusomea kile kisa cha Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa Kichina, mkewe kafa, rafiki yake Huizi kaja kuhani akamkuta kakaa hivyo hivyo anapiga beseni na kuimba. Huizi akamwambia mwanamke umeishi naye, kakuzalia, hulii sawa, lakini ndo uimbe? Zhuangzi akasema mwanzo niliumia kama mtu yeyote, halafu nikawaza, kabla hajazaliwa hakuwa na uhai wala umbo wala pumzi, sasa kageuka tena kama misimu minne inavyofuatana. Nilichukia kweli darasani, kwetu msiba ni watu na kilio.

Wiki haijaisha kaka akanipigia saa nane usiku, mdogo wangu, mzee katutoka, kesho baada ya adhuhuri tunamzika. Nikahangaika na tiketi, na viza, na nani ataniazima hela, wakati safari yenyewe inapita siku nzima, mpaka baba mdogo akaichukua simu, "Mwanangu tulia. Maiti haingojwi. Huko huko uliko msomee."

Sikuweza kukaa chumbani, nikapanda treni hadi Dujiangyan. Mnajua nilivyopapenda, pale gavana wa kale Li Bing aliugawa mto Min miaka zaidi ya 2,200 iliyopita bila kuuzibia ukuta, akaweka tu kama mdomo wa samaki katikati ya maji, mkondo mmoja unyweshe mashamba, mwingine uchukue mafuriko. Mwalimu alikuwa akitufafanulia wu wei anatupa mfano wa pale, si kukaa bure, ni kutolazimisha.

Saa kumi na mbili jioni ya kule, nyumbani saa saba mchana. Nimesimama kwenye lile daraja la kamba linaloyumba, chini maji ya kijani yanakuja kwa nguvu, yanafika kwenye ule mdomo, yanaachana. Kaka kaiacha simu hewani. Nasikia watu wanavuta la ilaha illallah, nasikia mtu anasema leteni jembe, halafu udongo, pu, kimya, pu. Bibi mmoja wa Kichina pembeni yangu alikuwa anamenya chungwa, akaniangalia usoni, akanipa nusu bila neno. Nikalishika. Udongo ukawa unaenda haraka sasa, majembe mawili matatu, na hapo ndo nikaona vidole vyangu vya mkono wa pili vinagonga ubao wa daraja, vinaufuata ule mdundo, na sijui vilianza saa ngapi. Sikuvizuia. Nilikuwa nimetulia, utulivu ambao sijawahi kuupata kabla wala baada.

Simu ikakatika, nikala chungwa, nikarudi mjini.

Miaka yote hii najiuliza kama siku ile nilimwachia baba kweli au nilikosa nauli tu. Ningekuwa na tiketi mkononi, ningetulia? Kaka sijawahi kumwambia habari ya vidole. Leo asubuhi beseni nimelikuta uani bado limepinduliwa, nimelipita, sijaligusa.