Waya zinachomwa nyuma ya hosteli

Jamani wana Dodoma, hili la kuchoma waya chuoni linaniumiza. Jioni upepo ukivuma, moshi wote unaingia vyumbani. Plastiki ya waya nyingi ina klorini, ikiungua inatoa dioksini, sumu inayosababisha saratani. Yote hayo kwa ajili ya shaba kidogo tu iliyo ndani ya waya!

Leo nimekuta betri ya simu imevimba kama andazi, imetupwa pipa moja na maganda ya ndizi. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto, na wanaozoa taka zetu ni akina mama wasio na glavu.

Kanuni za taka za kielektroniki zipo nchini tangu 2021. Tunaomba uongozi utuwekee pipa la taka hizo kila hosteli. Kwa sasa chaja na spika mbovu nileteeni, nazihifadhi.