Safari hii rangi ya maji imeshika

Jana usiku nimemaliza kupaka modeli yangu ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), kwa rangi ya maji pekee, yaani ile inayochanganywa na maji. Modeli ya kwanza iliniuma sana: nilipobandua utepe wa kukinga sehemu zisizopakwa, rangi ilitoka nao kama ganda la kitunguu. Plastiki huweza kubaki na mafuta ya kalibu iliyofinyangiwa kiwandani, nami sikuiosha. Sasa nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ikakauka, nikapiga praima (rangi ya msingi ya kushikia rangi nyingine), kisha tabaka tatu nyembamba. Nyembamba kweli, kama maziwa, maana rangi nzito huacha michirizi ya brashi na kuziba mistari ya maungio. Hakuna harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi ya mafuta, sebuleni, wanangu wamekaa nami mezani mpaka mwisho. Kijani na kahawia ya mwaka 1940 vimetulia juu ya mabawa, jamani, vinapendeza!