Tulivyochora na madogo kwenye simu mpaka wakaanza kuongea

Mimi sio mwanasaikolojia jamani, nafundisha sanaa tu hapa Dar, nasema mapema maana kuna wazazi wananipigia wakidhani natibu.

Likizo ya Juni mama mmoja alinilalamikia binti yake hatoki chumbani, ni simu tu. Nikasema basi nitawafuata hukohuko kwenye simu. Nikaomba ruhusa kwa wazazi, nikafungua Google Meet, ile ya kuongea kwa video, Jumamosi jioni, maana Zoom ya bure inakata dakika 40, yaani watoto ndo kwanza wametulia inawatoa.

Sura sikutaka kuziona. Simu inaelekezwa kwenye karatasi, na anayebana bando anazima kamera kabisa. Aisee hii ndo ilisaidia kuliko vyote, dogo wa miaka 15 mwenye chunusi hataki kutazamwa, ila mkono wake hana shida nao. Vifaa ni biro na daftari, penseli hapana, maana ufutio ukiwepo atafuta mpaka kipindi kiishe.

Tunaanza na pumzi, ukivuta mstari unapanda ukitoa unashuka, taratibu, mpaka ukurasa ujae. Halafu wanachora mkono wao wa kushoto bila kuangalia karatasi, macho kwenye mkono tu, linatoka dude kama tangawizi, wote tunacheka na ile "mi sijui kuchora" inaishia hapo. Hakuna kusifia nani kachora vizuri na hakuna kuposti.

Kilichonoga zaidi ni kanga. Kila mtu achukue ya mama au bibi, aanze na pindo, lile ua la korosho lilelile kuzunguka ukurasa mzima, huko kurudiarudia ndo kunakotuliza, aingie mjini, yaani katikati ya kanga, na jina, ule msemo wa kanga, aweke lake mwenyewe. Sikuwaambia waandike nini. Mmoja kaandika MSINILINGANISHE NA DADA, mwingine NIKIFELI NAENDA WAPI, kwa herufi kubwa kama kanga yenyewe. Hapo wakaanza kuongea huku wanaendelea kuchora, na mi nilinyamaza, ningeuliza swali moja tu wangefunga mdomo wote.

Yupo aliyenifuata inbox na mambo mazito. Hayo sikuyatibu kwa biro, nilimuuliza nyumbani anamwamini nani, akamtaja shangazi, tukaongea naye, na nikampa 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, ukiwa na darasa la watoto 40 piga hesabu mwenyewe, kwa hiyo ukitaka kuanzisha kitu hiki jua kwanza utampeleka wapi huyo mmoja.

Shule zikifunguliwa wa bweni hawana simu, tunawasubiri likizo. Wa kutwa tunaendelea, ila wameomba tuhamie Ijumaa, Jumamosi kuna mpira.