Shemeji anataka SUV "ya maana"

Mimi ni dereva wa IT, yaani magari ya "in transit" yanayopita tu nchini. Gari ya mteja wa Zambia au Congo ikishuka bandarini Dar, tunakabidhiwa sisi tuipeleke Tunduma, mpakani na Zambia, zaidi ya kilometa 900. Leo unaendesha Vitz, kesho umekalia ngozi ya Range Rover kama bosi, na kurudi unapanda basi ukiwa na begi lako mapajani.

Sasa shemeji kapata hela. Anataka SUV ya kifahari, iwe ya kisporti, ibebe familia na ipendeze. Kanitumia picha kumi na moja, zote zimepigwa kwa mbele.

Nikamwambia usporti mimi naupimia mlima Kitonga, kule Iringa, tukiwa tunapanda. Kona zimebana, lori limekuziba mbele, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Prado, pamoja na heshima zake zote, bodi imekalia chesisi. Ukiiingiza kwenye kona, bodi inachelewa kidogo, kama abiria aliyeshtuliwa usingizini. Harrier haijajengwa hivyo. Kwa chini ni ndugu yake Camry, ndiyo maana inakata kona kama gari ya chini. X5 nayo ni nzito, tani mbili na ushee, lakini usukani wake unaongea na mkono, unajua kabisa tairi ya mbele inakanyaga wapi. Ilipotoka mwaka 1999, BMW walikataa kuiita SUV kama za wenzao, wakaibatiza SAV, "Sports Activity Vehicle", yaani gari la mambo ya kisporti. Niliona ni maringo tu mpaka siku nilipopanda nayo Kitonga. Mbio zenyewe sizihesabu: kila kijiji ni 50, na tochi ya trafiki iko nyuma ya mwembe.

Kuhusu matumizi ya kila siku nina kidonda. Kuna SUV moja ya Kijerumani, jina silitaji, ilipigwa na shimo nilipokuwa nimeshapita Mafinga. Rimu kubwa, tairi nyembamba kama mkanda. Nikafungua buti, nikanyanyua zulia kutafuta spea tairi, nikakutana na betri. Spea hakuna! Zile ni tairi ngumu za kutembea hata bila upepo, lakini mwisho wake ni kama kilometa 80, tena kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Nikajikokota hadi Makambako. Fundi akaizunguka mara mbili, akasoma saizi, akacheka: "Kaka, hii hapa hatuna." Nilikaa siku mbili kungoja tairi ije na basi kutoka Dar. Shemeji, kabla hujapenda taa za mbele, nyanyua zulia la buti.

Kipimo changu kingine ni usingizi. Foleni ya Tunduma inaweza kukulaza hapo, na gesti inakula posho. Harrier ukilaza viti vya nyuma unajinyoosha kimshazari, miguu inaenea. Range Rover, na X5 pia, mlango wa nyuma unagawanyika juu na chini. Ule wa chini ukiufungua unakuwa benchi. Nimekula chipsi mayai nyingi sana pale. (Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni usivipakie ndani. Ngozi ikishashika ile harufu, haiachii.)

Uzuri ndiyo ugomvi. Harrier ya kwanza ilipotoka Japani mwishoni mwa 1997, tangazo lake lilikuwa na mtu mwenye kichwa cha simba, kapiga suti. Mbele haina nembo ya Toyota, ina ndege kipanga. Nje wakaiuza kama Lexus RX 300. Ufahari wote huo, halafu ile ya 2003 ikafika mtaani kwetu tukaiita tako la nyani! Na watu wanaipenda kwa jina hilohilo. Mteja mmoja pale Tunduma nilimkabidhi funguo, hata boneti hakuigusa. Alizunguka moja kwa moja nyuma, akashika kiuno, akatingisha kichwa taratibu kama anaangalia harusi. Mimi nasubiri asaini karatasi, basi langu linawasha injini.

Nilimweleza shemeji yote haya kwa saa nzima, chai ikapoa. Akaitikia, "Sawa kaka, nimekuelewa." Kisha akauliza kama ile nyeupe ya lulu inapatikana.