Nilivyochagua programu ya hesabu za nyumbani bila kuanika siri za familia

Nilipoanza kutafuta programu ya kuandikia matumizi ya nyumba yetu hapa Dar es Salaam, nyingi nilizozikuta kwenye simu ziliomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, ili zijichukulie zenyewe taarifa za miamala ya M-Pesa na ya benki. Urahisi huo unavutia, lakini ujumbe wa muamala hubeba jina la uliyemtumia, kiasi, saa na salio, na kwenye kisanduku hichohicho cha ujumbe ndimo zinamoingia namba za siri za uthibitisho wa benki. Kwa hiyo niliziacha zote. Ni kweli tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila naona ni heri taarifa isitoke nyumbani kuliko kuifuatilia ikishatoka.

Nilitaka programu inayofanya kazi bila intaneti, isiyodai usajili, na inayoniruhusu kuhamisha kumbukumbu zangu siku nitakapoichoka. Niliishia kwa GnuCash, ambayo ni ya bure, msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma, na hesabu zote hukaa katika faili moja kwenye kompyuta yangu. Kila muamala huandikwa pande mbili, pesa ilikotoka na ilikokwenda, jambo ambalo mwanzoni huonekana la wahasibu, lakini kwa nyumba kama yetu lina manufaa makubwa: fedha taslimu, benki na M-Pesa kila moja ina akaunti yake, hivyo kuhamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu hakuhesabiwi kuwa matumizi, isipokuwa makato yake. Mchango wa kikoba nauweka upande wa mali, kwa sababu ni wetu mpaka siku ya mgawo, na niliyomkopesha shemeji yanabaki kuwa deni hadi alipe (naye, kusema kweli, bado yumo).

Faili la GnuCash halifungwi kwa nywila, kwa hiyo nilisimba diski nzima ya kompyuta, yaani niliifunga isisomeke bila nywila, na nakala naiweka kwenye flashi iliyosimbwa pia. Matumizi ya sokoni mke wangu huyaandika daftarini, nami huyaingiza mwisho wa wiki. Anayetumia kompyuta pamoja na watu wengine ningemshauri aangalie KMyMoney, programu nyingine ya hesabu, ambayo inaweza kusimba faili lenyewe kwa GPG (programu ya kusimba mafaili).