Bei haijui bidii

Jana baada ya Isha bwana mmoja barazani katoa hukumu: wanawake wa mwani hawaendelei kwa sababu hawataki. Ati mtu analima mwani tangu miaka ya tisini, nyumba bado ya makuti, kosa la nani kama si lake? Akamalizia na ile ya mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nilinyamaza kwa adabu, mkubwa yule.

Lakini kama kuna watu waliogaagaa na upwa kisiwani hapa, ni hao. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani, hapa Unguja, mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Bamvua likifika, mamdogo wangu hushuka maji yakianza kutoka, akainama mpaka yanarudi, anafunga kishada kimoja kimoja kwenye kamba. Vidole vimechanika kwa chumvi na tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, hata kumenya muhogo kwake ni adhabu. Wiki sita hivi zikipita anavuna, anaanika, anaomba mvua isinyeshe.

Siku ya mzani nilikuwepo. Mnunuzi alitia mkono ndani ya polo, akafikicha, akasema haujakauka, akakata kilo. Mamdogo hakubisha. Abishe, auze wapi? Kamba zenyewe kapewa na mnunuzi huyo huyo.

Sasa bidii yake ikizidi, zitazidi kilo. Bei iko palepale. Mwani unakwenda ng'ambo kutolewa karajinani, inayotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu, na bei inapangwa huko. Sisi tunaletewa habari tu.

Njia ya kupanda ipo, sikatai. Mwani tunaolima ni wa aina mbili, na kotonii ina bei kubwa kuliko spinosamu, kwa mbali. Ila bahari imepata joto, na kotonii kwenye maji madogo inaugua, inageuka nyeupe, inakatika. Inataka kina. Kina kinataka chombo na mtu ajuaye kuogelea, na kwetu watoto wa kike nani aliwafundisha kuogelea?

Alilosema yule bwana wa barazani likanichoma ni la sare za harusi, kwamba pesa zao zinaishia huko. Kweli, pesa ya mwani nyingi inaishia kwa fundi cherehani, na hata mie zinanikera (ya mwezi ujao nimeshashona). Lakini mamdogo alipougua, waliochanga pesa za dawa na kumvunia mwani wake usipotee ni hao hao aliowavalia sare. Yule bwana anauita upuuzi. Mimi sioni bima nyingine aliyonayo.

Kikundi chao sasa wanachangishana wanunue boti. Hawajafika nusu, na mume wa mmoja wao ameshauliza itaandikwa jina la nani.